UZI: Kutetea afya ya akili Malindi na Lamu, kuanzia kwenye rafu ya dawa

Daftari_la_Maweni (mwanzisha uzi)

Asalaam alaikum, na wengine hamjambo. Uzi huu ni wa vikundi na mashirika yasiyo ya faida yanayowatetea wagonjwa wa akili na wa kifafa hapa Malindi, Magarini na kule Lamu, pwani ya Kenya. Wenye uzoefu wachangie, wenye maswali waulize.

Naanza na jambo linaloniuma. Vikundi vingi hufanya matembezi tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, na kugawa fulana. Januari dawa zinakwisha zahanati, na hakuna mwenye karatasi ya kuonyesha ni dawa gani, ilikwisha lini, na ni watu wangapi waliorudi nyumbani mikono mitupu. Ukiingia mbele ya kamati ya afya ya bunge la kaunti bila karatasi hiyo utaambiwa "dawa zipo", na mazungumzo yameishia hapo.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni daftari. Chukueni daftari gumu, mchore safu saba: tarehe, kituo, jina la dawa na nguvu yake (chlorpromazine ya 25 mg na ya 100 mg ni mistari miwili tofauti), idadi iliyopo rafuni, wagonjwa waliokuja siku hiyo, waliorudi bila dawa, walioandikiwa wakanunue dukani. Jina la mgonjwa haliingii humu hata mara moja. Nendeni siku ya kliniki, na tena siku moja ya kawaida katikati ya mwezi, kwa sababu kuna vituo ambavyo dawa huonekana siku ya kliniki pekee.

Msifuatilie dawa zote. Saba zinatosha kuonyesha hali: fluphenazine ya sindano, haloperidol, amitriptyline, fluoxetine, carbamazepine, phenobarbital na benzhexol.

Daftari huharibika pale mtu anapoandika "ipo" au "haipo". Mkebe wenye vidonge 20 vya carbamazepine "upo", lakini mtu anayemeza vinne kwa siku atavimaliza kwa siku tano. Hesabuni vidonge.

Kisha mpige hesabu ya mahitaji. Mfano: kituo kina watu 40 wanaotumia carbamazepine ya 200 mg, viwili asubuhi na viwili usiku. 40 mara 4 mara 30 ni vidonge 4,800 kwa mwezi, 14,400 kwa robo mwaka. Ongezeni akiba ya mwezi mmoja, inakuwa 19,200. Kituo kikiagiza 14,400 kamili, shehena ikichelewa wiki mbili tu watu wanaanza kuanguka.

Na hili la sindano watu wengi hulikosea. Fluphenazine mara nyingi hudungwa kila baada ya wiki nne, si kila mwezi wa kalenda. Mwaka una wiki 52, kwa hivyo ni sindano 13. Wagonjwa 60 wanahitaji 780. Anayezidisha kwa 12 anapata 720, na sindano 60 zinazopungua ndizo zile ambazo kila mwaka "hazieleweki zilikwendaje".

---

Kijana_wa_Barani

Shukran sana mkubwa. Maswali mawili. Sisi tuko saba, hatujasajiliwa. Tunaweza kuanza? Na pili, msimamizi wa kituo akikataa tusione stoo, tufanyeje?

---

Karani_wa_Wadi

Ndugu wa Barani, daftari halihitaji cheti. Lakini barua rasmi, akaunti ya benki na ufadhili vinahitaji. Kwa kikundi cha mtaani, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Mnapeleka katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano mlioamua kujisajili, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Mkitaka kuwa shirika kubwa linalovuka kaunti, hapo mnaingia chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024. Msikimbilie huko mapema, maana ripoti na ukaguzi wake vitawala muda wote.

Katika hao watatu mnaoongeza, angalau wawili wawe watu wanaoishi na ugonjwa wenyewe, na mmoja wao ashike cheo chenye nguvu: mweka hazina au katibu. Kikundi cha walezi na wasomi peke yao hudai vitanda na kuta. Wagonjwa wenyewe hudai vitu vingine: kliniki ifunguliwe mapema ili mtu awahi kibaruani, sindano idungwe nyuma ya pazia, wasiitwe kwa sauti kwenye foleni.

Kuhusu stoo: msimsukume msimamizi. Mara nyingi anaogopa kuhamishwa kwa sababu ya kusema ukweli. Mwambieni kwamba daftari litamsaidia yeye kuomba zaidi, na mwombeni awasomee tu kadi ya stoo. Akikataa kabisa, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, kwa hivyo hakuna haja ya kumtafuta wa kuwatafsiria. Andikeni hivi: "Tunaomba idadi ya dawa zifuatazo zilizopokelewa na kutolewa katika kituo fulani kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani." Mkiomba "taarifa zote za dawa" mtaambiwa ombi ni pana mno. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwenu. Bila muhuri siku 21 hazina pa kuanzia. Zikipita kimya, mna siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

---

Daftari_la_Maweni

Karani, tafadhali weka na ile kalenda ya bajeti. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

---

Karani_wa_Wadi

Sawa. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Tarehe zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012:

1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni.
30 Septemba, tathmini ya bajeti iliyopita.
28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha. Hapa ndipo afya inapangiwa kiwango chake cha juu.
30 Aprili, makadirio yenyewe.
30 Juni, yawe yamepitishwa.

Angalieni tarehe hizo na mwone balaa la 10 Oktoba. Matembezi yanapofanyika mpango wa mwaka ujao umeshapelekwa mwezi mzima nyuma. Shirika likiwa na pesa za shughuli moja tu kubwa kwa mwaka, iwe Julai au Agosti, wakati mpango unaandikwa na maofisa wa idara bado wanapokea maneno. Ya pili iwe Januari, kabla waraka wa Februari haujafungwa. Mkija Mei kwenye kikao cha umma, viwango vimekwisha kugawanywa: ili mpewe, lazima mwingine anyang'anywe, na hakuna mwakilishi wa wadi atakayekubali barabara yake iguswe.

Mkiwa ndani ya kikao, msiseme "tunaomba afya ya akili ipewe kipaumbele". Maneno hayo huandikwa kwenye ripoti na kufa humo. Semeni: "Tunaomba dawa za akili na kifafa ziwe na kifungu chake kwenye programu ya afya, cha kutosha vidonge kadhaa na sindano kadhaa, kwa vituo hivi vitano." Dawa hizo zikifichwa ndani ya fungu la jumla la dawa, ndizo za kwanza kukatwa pesa zikipungua, kwa sababu mgonjwa wa malaria hupiga kelele na mgonjwa wetu hukaa kimya nyumbani.

Jimbo la Malindi lina wadi tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Gawaneni, watu wawili kila wadi, na wote wapeleke maandishi yaleyale neno kwa neno. Karani wa kamati anapokuta ombi moja limetoka wadi tano hulichukua kuwa ombi la eneo zima. Mpeleke kwa maandishi hata kama mtu amesimama akasema, kwa sababu ya mdomoni hufupishwa.

Tena kuna kile kikao cha ushauri wa bajeti na uchumi cha kaunti, kinachoongozwa na gavana. Sheria imewapa nafasi watu wenye ulemavu. Ulizeni nani ameikalia, na mjue kama amewahi kutaja ulemavu wa akili. Mara nyingi hajawahi kwa sababu hajaombwa.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Nimefurahi kuona hesabu zimefanywa sawasawa. Naongeza upande wa dawa, kwa sababu watetezi wengi hupigania dawa ifike kisha hushangaa mgonjwa ameitupa.

Haloperidol na fluphenazine zinaweza kumkaza mtu: shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito. Hutokea zaidi siku za mwanzo, na kwa vijana wa kiume zaidi. Familia ikiona hivyo husema majini yamekasirika kwa sababu amepelekwa hospitali, na dawa inatupwa choo. Kumbe ni athari inayojulikana na ina tiba yake. Anayewatembelea awaambie MAPEMA, kabla dozi ya kwanza: "Mkiona shingo imepinda, mleteni siku hiyohiyo, kuna dawa ya kulegeza." Maneno hayo peke yake huokoa matibabu mengi.

Dawa ya kulegeza ni benzhexol, wengi wanaijua kwa jina la Artane. Hiyo hutumiwa vibaya mitaani, ndiyo maana vituo huifungia au huacha kuiagiza. Msiposimamia iwepo, mtakuwa mmeleta haloperidol bila kinga yake. Ombi la bajeti liziweke pamoja.

Fluoxetine na amitriptyline huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu. Madhara kama kinywa kikavu au usingizi huja siku ya kwanza, nafuu huja mwisho. Mtu asipoambiwa, anaacha siku ya kumi.

Phenobarbital na carbamazepine HAZIACHWI ghafla. Mtu akikatishwa anaweza kupata kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Kwa hiyo dawa hizi zikikosekana rafuni si usumbufu, ni dharura, na barua yenu inaweza kudai ile saa 48. Carbamazepine ikileta vipele mwilini pamoja na homa au vidonda mdomoni, hapo mtu aache na akimbizwe hospitali.

Kwa vijana walio kwenye kliniki ya methadoni (dawa ya kuwasaidia wanaoacha unga, yaani heroini), ambayo Malindi imekuwa nayo tangu 2015: carbamazepine na phenobarbital huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Kijana anaanza kuona arosto (maumivu ya kukosa unga) ingawa amekunywa dozi yake, na nyumbani anashutumiwa amerudia unga. Kliniki mbili zikiwa hazizungumzi, yeye ndiye anayeumia. Shirika linaweza kufanya jambo dogo sana: kumpa kila mtu kadi moja yenye dawa ZOTE anazotumia, aionyeshe pande zote mbili.

Jua la huku nalo. Chlorpromazine hufanya ngozi iungue upesi. Mvuvi au mwenye kibarua cha mjengo aambiwe kuhusu kofia, mikono mirefu na maji. Mwenye kifafa asipande mnazi na asiende baharini peke yake mpaka daktari aseme. Kwa mgema hilo ni kupoteza riziki, kwa hiyo msimwambie mkaondoka. Kaeni na familia mtafute kazi ya chini ya mnazi: kufua nazi, kusuka makuti, kuuza.

---

Bint_Shella

Dada muuguzi, Ramadhani je? Wengi huacha dawa mwezi mzima.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Dada, dawa ya mara moja au mara mbili kwa siku mara nyingi hupangika: futari na daku. Ya mara tatu inahitaji daktari aibadilishe, isigawanywe nyumbani. Mtumiaji wa lithiamu (dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka) asifunge bila kuonana na daktari, kwa sababu mwili ukikauka dawa hiyo hupanda kwenye damu ikageuka sumu.

Na tatizo kubwa wala si saa za vidonge, ni usingizi. Kukesha usiku baada ya usiku huamsha kifafa, na kwa mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia humrusha juu. Alale baada ya tarawehe, aamshwe daku tu. Jambo hili lipelekwe kwa maimamu mwezi wa Shaabani, kliniki ya mwezi huo iwe ya kupanga dozi. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na likisemwa na imamu msikitini, familia hulipokea vizuri kuliko likisemwa na sisi.

---

Mkanda_wa_Pate

Huku Lamu kalenda ya kliniki inavunjwa na maji. Mtu akitoka Faza au Kizingitini kuja mjini, chombo hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda haupitiki maji yakitoka. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, maji huwa yametoka kuanzia mnamo saa nne asubuhi. Kliniki ikiwekwa "Jumanne ya kwanza ya mwezi", kuna miezi itaangukia bamvua, watu wa Pate watafika imefungwa au watalala mjini bila pa kulala. Baadaye rejista inasema "hawafuati matibabu".

Ombi letu liwe hili: tarehe za kliniki zipangwe na kitabu cha maji, mwaka mzima, zibandikwe gatini na misikitini. Haligharimu kitu. Wakati wa kusi bahari ni chafu, kwa hiyo kuanzia Aprili watu wa visiwani wapewe dawa ya miezi miwili badala ya mmoja. Hapo mtaombwa kueleza kwa nini hesabu ya robo hiyo imepanda, basi iandikeni kwenye ombi lenyewe.

Sindano ya fluphenazine inafaa visiwani kwa sababu mtu hadaiwi kumeza kila siku, ila muuguzi wa zahanati ya karibu awe amefundishwa kudunga. Sindano ikiwa hospitali ya King Fahd mjini tu, kisiwani ni sawa na haipo.

---

Mlezi_Ganda

Samahani wakubwa, nauliza la ndani kidogo. Kuna nyumba kijana amefungwa mnyororo. Tukiwa kikundi tunaingiaje? Wengine wanasema tupeleke polisi na redio.

---

Daftari_la_Maweni

Msipeleke kamera, na polisi wasiwe wa kwanza. Familia ikiona kamera humhamishia kijana kwa jamaa ndani zaidi, huko Marafa au Adu, na hamtamwona tena.

Kwanza aende mtu mmoja anayejulikana na nyumba: mhudumu wa afya ya jamii au mzee wa mtaa. Aulize swali moja tu, asihukumu: "Mnaogopa nini mkimfungua?" Majibu huwa machache. Atapotea. Atapiga watu. Majirani watamuua. Dawa zilimsaidia, zikaisha. Kila jibu lina kazi yake, na mkileta dawa mahali ambapo hofu ni majirani, mnyororo utabaki palepale.

Ziara ya pili ni ya muuguzi wa akili, akiwa na dawa mkononi, ili matibabu yaanze siku hiyo. Kuahidi kwamba "tutarudi na dawa" ni kuufunga mlango. Mkataba na familia uwe wa hatua: mnyororo utolewe mchana akiwa na mtu wa kukaa naye, halafu na usiku, wakati dawa imeshika. Andikeni nani atashika dawa, saa ngapi, na nani atashika zamu yake akisafiri. Nyumba ikiwa na mama mmoja mwenye vibarua, bila mtu wa zamu mpango huu hautasimama, basi kutafuta huyo mtu ni sehemu ya kazi yenu.

Ziara ya tatu isipite siku saba. Ndani ya siku hizo ndipo shingo inapopinda. Baada ya hapo kila wiki mbili, miezi mitatu. Chunguzeni vidonda vya miguuni pia, na chanjo ya pepopunda.

Katiba inakataza mtu yeyote kutendewa ukatili, kifungu cha 29, na inalinda utu wake, kifungu cha 28. Ikiwa kijana anapigwa, ananyimwa chakula au kuna unyanyasaji, chifu na polisi waingie siku hiyohiyo bila kungoja ziara. Lakini nyumba nyingi zimefunga kwa kuchoka na kukosa msaada, na kumtia mama selo hakumtibu mwanawe.

---

Kijana_wa_Barani

Na waganga? Mimi nasema tuwashtaki wote. Wanachelewesha watu miaka.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Ndugu yangu, uchungu wako naufahamu, lakini hesabu nani anafikiwa kwanza. Mtoto akipata degedege bado wengi watasema ni nyuni (pepo wa ndege anayedhaniwa kushika watoto), na mlango wa kwanza ni wa mganga au wa maalim. Ukiwashtaki wote, hawaachi. Wataficha tu, na atakayecheleweshwa ni mtoto yuleyule.

Linalowezekana ni makubaliano ya mambo yanayodhuru na yasiyodhuru. Kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), dua na kusomewa havigombani na vidonge. Yanayodhuru ni kuchapa, kuchanja kwa wembe mmoja watu wengi, kufukiza mtu aliyefungwa ndani, kumkatiza dawa, na kumnyima chakula au maji. Hayo yasemwe wazi, na anayeyafanya baada ya kuambiwa ashtakiwe. Hapo tuko pamoja.

Wapeni kadi ya rufaa yenye picha, si maneno tu. Picha nne: mtu anaanguka kwa degedege, mtu halali siku nyingi, mtu anazungumza kutaka kufa, mtu amepata homa pamoja na kuchanganyikiwa. Hiyo ya nne ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo zinaweza kuanza kama wazimu na kuua kwa siku chache. Muuguzi naye amrudishie mganga jibu: "Uliyemleta tumempokea." Asipojibiwa, kadi ya pili hataitoa.

---

Mlezi_Ganda

Huduma ya kwanza ya degedege iwekwe hapa pia, maana watu bado wanatia kijiko.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Msitie kitu chochote mdomoni. Msimbane. Ondoeni mawe na jiko karibu, wekeni nguo laini chini ya kichwa, mgeuzeni ubavu, tazameni saa. Zikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Msimpe maji wala chakula mpaka awe macho kabisa.

---

Sauti_ya_Pwani

Kuhusu redio na maneno, kwa sababu hili ndilo fungu langu.

Lugha yetu ina mtego mmoja. Mtu akijiua kwa njia yoyote, watangazaji husema "amejinyonga". Neno hilo limebeba njia yenyewe ndani yake, na miongozo ya kuripoti vifo hivi inasema njia isitajwe, kwa kuwa huwasukuma walio kwenye hatari kuiga. Semeni "amejiua" au "amefariki kwa kujiua", mnyamaze hapo. Msitaje mahali, msisome barua aliyoiacha, na msitoe sababu moja kama "mapenzi" au "deni". Na "kichaa", "chizi", "punguani" ziondoke kwenye vinywa vya watangazaji wenu kabla hamjawaomba wengine waziache.

Kipindi kikiisha, simu huanza kulia usiku. Msirushe kipindi kama hamna watu wawili wa zamu ya simu kwa saa 48 zinazofuata. Mtaje pia 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Rudieni nambari mara tatu polepole, msikilizaji hana kalamu mkononi.

Ushuhuda wa mgonjwa: mwombeni leo, chukueni jibu kesho. Awe hayuko katikati ya ugonjwa. Aambiwe utarushwa wapi, na kwamba anaweza kuuondoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Malindi ni mji mdogo: kuficha uso hakutoshi, sauti na kichochoro chake vinajulikana. Familia zilizopoteza watu katika msitu wa Shakahola mwaka 2023, ambako waumini wa dhehebu moja walifundishwa kufunga hadi kufa na maiti zaidi ya 400 zikafukuliwa, zisiitwe kusimulia upya kila mfadhili anapokuja. Aliyesimulia mara moja kwa ridhaa yake anatosha, tumieni yale yale.

---

Karani_wa_Wadi

Niongeze la polisi, kwa kuwa bado linasumbua vituoni. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la hadi miaka miwili jela. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Walioshtaki ni pamoja na chama cha madaktari wa akili na tume ya haki za binadamu. Chapisheni uamuzi huo, nakala moja ikae na kila mhudumu wenu. Familia zikificha tukio kwa hofu ya selo, aliyekunywa sumu hufa njiani. Ujumbe wa kupeleka kwa chifu ni mfupi: hospitali kwanza, na hakuna kosa la kuandikwa.

Na Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa 2022. Marekebisho yale yamezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hii na yanataka kila kaunti iwe na baraza lake la afya ya akili. Barua ya kwanza ya kikundi chenu kwa waziri wa afya wa kaunti iulize mambo matatu tu: baraza limeundwa? limekutana tarehe gani? kumbukumbu zake ziko wapi?

---

Kijana_wa_Barani

Nimekubali kuhusu waganga, shukran dada. Tumepata wa nane, wa tisa na wa kumi, wawili ni wagonjwa wenyewe na mmoja atakuwa katibu. Tuanzie kituo gani, kikubwa au kidogo?

---

Daftari_la_Maweni

Anzeni na viwili: hospitali kuu ya Malindi na zahanati moja ya mbali, tuseme upande wa Jilore. Kikubwa kitawaonyesha dawa zinafika kaunti, kidogo kitawaonyesha zinakwama wapi. Miezi mitatu ya daftari inatosha kwa barua. Mkianza mwezi huu wa Mei, mtakuwa na karatasi mwisho wa Julai, na mpango wa mwaka unafungwa 1 Septemba. Siku ya kwanza nendeni na kalamu mbili.